Mchepuo wa Mama Meneja

Tuanze na Meneja, maana bila yeye hakuna mtu ndani ya nyumba ile ambaye angeitwa alivyoitwa. Meneja alikuwa mtoto wa kike ambaye hata shule hajaanza, na tangu alipojua kutembea kazi yake ilikuwa kupita chumba hadi chumba, mikono nyuma, akikagua. Nani ameacha kandambili mlangoni? Nani kanywa maji asifunike ndoo? Siku alipomwinua baba yake kitini kwa maelezo kwamba hapo ni mahali pa mwanasesere, baba alicheka mpaka machozi, akasema basi nimekoma, huyu ndiye meneja. Jina likaganda. Baba akawa Baba Meneja, mama akawa Mama Meneja, na majina yao ya kuzaliwa yakabaki kwenye vitambulisho, ambako hayamsumbui mtu.

Baba Meneja alikuwa fundi friji. Karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba, na muda wote palikuwa na friji mbili tatu pale, migongo nje, nyingine zinanguruma, nyingine zimegoma. Mtu wa maneno machache. Ukimwuliza jambo, kwanza anafuta mikono kwa kitambaa, halafu ndipo anajibu, na mara nyingine mpaka amalize kufuta wewe mwenyewe umeshajua jibu.

Mwenye maneno alikuwa Mama Meneja, tena alikuwa anayasomea. Asubuhi alifanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha, akipanga hati za mizigo inayovuka mipaka. Jioni alikwenda chuoni kusomea sheria na siasa za kimataifa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja, na kabla ya mwaka huo kuanza kila mwanafunzi alitakiwa achague mchepuo. Neno hilo lisikilize vizuri. Mchepuo, yaani tawi moja la masomo, lile utakaloliingia mzima mzima na kutoka nalo ukiwa mtaalamu. Ilikuwepo minne: sheria ya bahari, biashara na uwekezaji, diplomasia na usuluhishi, na wa nne, wakimbizi na watu wasio na uraia. Mwisho wa kuchagua ni Jumatatu. Unabonyeza kwenye simu, na ukishabonyeza umebonyeza.

Sasa shida ya Mama Meneja ilikuwa kwamba moyoni ameshachagua. Aliutaka ule wa nne. Lakini huo ndio pekee uliokuwa na mafunzo kambini, kule mpakani, safari ya kutwa nzima kwa basi, na mafunzo yenyewe ni nusu mwaka. Nusu mwaka bila Meneja. Nusu mwaka fundi anajipikia uji. Na hilo mumewe alikuwa hajaambiwa.

Msidhani fundi ni mkali. Mtu yule hajawahi hata kumkaripia paka. Ndiyo maana ilikuwa vigumu! Mume mkali unajua utagombana naye vipi, unajiandaa. Huyu mpole, ukimwumiza atafuta mikono na kunyamaza, na utaishi na kile kimya mpaka ujute kuzaliwa. Basi kila siku Mama Meneja alipanga kumwambia, na kila siku palitokea sababu. Leo amechoka. Leo ana mteja. Leo amefurahi sana, nisimharibie. Leo hajafurahi vya kutosha. Na huyu ndiye anayesomea namna ya kuwakalisha marais meza moja, jamani.

Katikati ya hayo akaja mama mkwe kumwona mjukuu. Mama mkwe alikuwa mtu mwema, hana shari, mkwewe alimpenda na yeye akapendwa. Ila masikio yake yalikuwa ya umri wake, na hilo alilikana katakata. Yeye alisema siku hizi watu wanaongea wamefumba midomo.

Jumanne mchana Mama Meneja alijifungia chumbani kumpigia simu mwanafunzi mwenzake, dada mmoja waliyempachika jina la Kifungu, kwa kuwa hata chumvi hawezi kuomba bila kukutajia kifungu cha sheria kinachomruhusu. Barazani fundi alikuwa anajaribu friji kubwa la bucha, linanguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Na kwenye ujia, mama mkwe alikuwa anapita na nguo alizoanua. Hakukusudia kusikiliza. Alisimama tu azipange vizuri mikononi. Nguo zikawa ngumu kweli kupangika.

"Michepuo minne, shoga, na yote iko mbele yangu, nichague," Mama Meneja alikuwa anasema mle ndani. "Hawaruhusu miwili, ni mmoja tu. Ule wa biashara una hela, hilo halina ubishi, lakini hauna mvuto kwangu. Nikikaa nao saa moja nasinzia. Wa bahari? Mimi na kuogelea sijui! Na ule wa diplomasia ni maneno matamu tu, mwisho wake huuoni. Huu wa wakimbizi sasa, huu nimeupenda, shoga, sikufichi. Nikiufikiria usingizi hauji. Ila utanitoa nyumbani nusu mwaka, na Baba Meneja sijamwambia. Nitaanzaje?"

Neno mchepuo mama mkwe hakuwahi kulisikia maishani mwake. Enzi zao ulisoma ulichofundishwa ukaenda zako. Lakini mchepuko analijua, nani asiyelijua? Mchepuko ni yule mtu wa pembeni, wa kuonana naye kwa kuibia. Tofauti ni herufi moja, na herufi hiyo friji la bucha lilimwongezea bure.

Mama wa watu akaketi juu ya zile nguo. Akahesabu kwa vidole: mfanyabiashara mwenye hela, baharia, mwanadiplomasia wa maneno matamu, na mkimbizi. Wanne! Yeye mwenyewe mmoja tu alimtoa jasho miaka yote. Na anavyowataja! Hata heshima ya kusema "yule" hana, anasema "ule", kama anazungumzia mfuko wa sukari. Kilichomshinda kabisa ni huo uchaguzi. Kati ya mwenye hela na mkimbizi, mtu na akili zake anamtaka mkimbizi, tena anataka kutoroka naye nusu mwaka. Halafu arudi?

Usiku huo hakulala, na kesho yake asubuhi akamfuata mkwewe jikoni, akaurudisha mlango, akashusha sauti.

"Mwanangu, jana nimekusikia ukiongea na simu. Sikukusudia, nilikuwa napita."

Mama Meneja akageuka kutoka kwenye sinki, uso umemchangamka. "Umesikia habari za michepuo, mama?"

Mama mkwe akashika ukingo wa meza. Alitegemea machozi. Alitegemea kiapo. Huyu anataja kama anataja vitunguu.

"Nimesikia," akasema. "Minne."

"Minne, mama, na kabla ya Jumatatu niwe nimeshika mmoja. Kichwa kinaniuma mpaka basi."

"Na ukishaushika?"

"Ndio huo huo. Natulia nao."

"Angalau utatulia," mama mkwe akasema kwa unyonge.

"Kwani wewe, mama, ungekuwa mimi ungechagua upi?"

Kijiko kikamponyoka mama mkwe, kikaenda kujificha chini ya jiko. "Mimi! Kwa umri huu?"

"Umri si hoja, mama. Darasani tunaye mzee ana wajukuu, na ameshachukua wa bahari. Anasema tangu ujana wake alikuwa anautamani."

"Ee Mungu wangu. Enzi zetu hakukuwa na kuchagua, mwanangu. Unapewa mmoja, unatulia nao mpaka mwisho."

"Ndiyo, mlikuwa mnapangiwa. Kwa kweli mlionewa."

"Tulionewa?" Mama mkwe alitaka kukasirika, lakini neno lile likamgusa mahali fulani. Halafu akajikumbuka. "Na wenzako nao wanafanya hivyo hivyo?"

"Wote. Wengi wamekimbilia ule wa biashara. Nusu ya darasa."

"Nusu ya darasa! Huo huo mmoja?"

"Huo huo, mama. Unapokea tu, haujai."

"Na walimu wanajua?"

"Walimu ndio wanaotushauri. Wa kwangu ameniambia nifuate moyo." Mama Meneja akakausha mikono, akamshika mkwewe bega. "Mama, nakuomba jambo moja. Baba Meneja usimwambie kwanza, hasa hiyo nusu mwaka. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mama mkwe akatoka jikoni anapapasa ukuta. Na Mama Meneja akabaki anajipongeza, akisema moyoni, kumbe mama ni mtu wa kisasa namna hii! Siku zote hizi namwogopa bure.

Mama mkwe siri aliibeba mpaka jioni, na hapo alijitahidi. Mkwewe alipokwenda chuoni, akamwita mwanawe, akamkalisha, akammwagia yote, la baharia, la mkimbizi, la nusu mwaka, na nusu ya darasa. Fundi akafuta mikono. Akafuta tena. Akasema, "Mama, kula, chakula kinapoa." Akarudi kwenye friji lake. Mama akaona mwanawe karogwa au kachoka, na kwa vyovyote vile hana msaada. Akampigia shangazi.

Huyu shangazi, dada wa marehemu baba yake fundi, alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu. Alistaafu kazi tu, mahakama hakuiacha. Akiingia sebuleni watu wameketi, yeye huwaambia "kaeni". Akitaka chumvi anauliza nani ana pingamizi. Kusikia kuna shauri, tena zito, alifunga safari siku ile ile, na Jumamosi mchana kikao kikaketi. Meneja alipelekwa kwa jirani kuangalia vifaranga, kwa sababu shangazi alisema hakuna kikao chenye wenyeviti wawili.

Mama Meneja aliitwa kutoka chumbani. Alikuta makochi yamesogezwa, meza katikati, shangazi amevaa miwani ya kusomea ingawa hapakuwa na cha kusoma. Mama mkwe ameshika leso. Fundi ameketi pembeni na bisibisi mkononi. Akajua yamefika, mama amemwambia, na sasa ukoo mzima unajua habari ya nusu mwaka kabla yeye hajafungua mdomo. Akaketi, akimwangalia mumewe. Fundi alikuwa anaangalia bisibisi.

"Kikao kimefunguliwa," shangazi akasema. "Mke wa mwanangu, ninakusomea, na utajibu ndiyo au siyo. Usihutubie. Inadaiwa kwamba siku ya Jumanne ulisikika kwa kinywa chako ukikiri kwamba unayo minne. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, shangazi, lakini..."

"Nimesema usihutubie. Inadaiwa mmoja ni wa biashara."

"Ndiyo."

"Mwingine wa baharini."

"Ndiyo."

"Wa tatu wa mambo ya ubalozi. Na wa nne," shangazi akavua miwani, maana hili lilihitaji macho matupu, "mkimbizi. Na kwamba huyo ndiye umempenda, na unakusudia kuondoka naye nusu mwaka, ukamwacha mume na mtoto."

"Kuondoka naye?" Mama Meneja akasema. "Kuondoka na nani?"

"Na mkimbizi."

"Mkimbizi yupi?"

"Wewe ndiye utuambie yupi! Una michepuko minne halafu unatuuliza sisi majina?"

Mama Meneja alimwangalia shangazi, akamwangalia mama mkwe, akakumbuka jikoni, kijiko, nusu ya darasa. Ikamjia polepole kutoka miguuni, ikapanda, na ilipofika kooni alishindwa kuizuia. Alipasuka kicheko kikubwa kiasi kwamba shangazi alisogeza kiti nyuma.

"Mchepuo!" akasema akijishika mbavu. "Mchepuo, shangazi! Hakuna k! Masomo! Ni masomo ya chuo! Sheria ya bahari, sheria ya biashara. Ee mama yangu, nusu ya darasa! Mama, ulidhani nusu ya darasa wana..." Akashindwa kumalizia.

"K haipo?" shangazi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeona jalada limekosewa namba.

"Haipo kabisa!"

Shangazi akamgeukia mama mkwe. "Shahidi, uliisikia k?"

Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa leso. "Niliisikia," akasema ndani ya leso. "Au friji ndilo lilisema. Sasa nyinyi wasomi nanyi! Maneno yote yaliyojaa duniani, mnakwenda kuokota hilo! Na mimi nikaulizwa ningechagua upi, nikaenda chumbani nikalia!"

"Ulilia kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nilianza kufikiria!"

Hapo hata shangazi alizidiwa. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yakamtoka, akapiga meza kwa kiganja akatangaza kwamba shauri limefutwa, na mwenye chai ailete. Mama Meneja akanyanyuka kwenda kuiweka jikoni, mwepesi, kama aliyetua gunia.

"Nusu mwaka ni nini?" fundi akauliza.

Hakupaza sauti. Alikuwa hajacheka pia, na hapo ndipo walipoliona hilo.

Mama Meneja akasimama pale pale. "Ni mafunzo," akasema. "Mchepuo wa wakimbizi una mafunzo kambini. Mpakani. Ni nusu mwaka."

"Umejua lini?"

Hakuweza kumdanganya. "Mwaka mzima sasa."

Fundi akaweka bisibisi mezani. Safari hii hakufuta mikono, ilikuwa misafi. "Jumatano mama aliniambia una wanaume wanne. Alinitajia mpaka kazi zao. Usiku ule nililala?"

"Ulilala."

"Nilikoroma?"

"Ulikoroma, mpaka nikakugeuza."

"Nilikoroma kwa sababu sikuamini hata mmoja. Mama yangu mzazi ananiapia, na mimi nikasema mke wangu namjua." Akatafuta neno, na kwa mtu asiyezoea maneno ilichukua muda. "Mimi nimeambiwa una wanaume wanne, nikakuamini. Wewe ulikuwa na nusu mwaka tu. Ukashindwa kuniamini mimi."

Aibu aliyoipata Mama Meneja wakati ule isikie tu kwa mtu. Alitamani lile shtaka la kwanza lirudi, maana lile alikuwa na utetezi. Akaketi chini, si kwenye kochi, chini kwenye zulia karibu na miguu ya mumewe, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa utasema sawa. Wewe kila kitu unasema sawa, halafu unakaa kimya, na mimi sijui kama ni sawa kweli au umemeza. Nikaona ni heri nisiutake. Nikajaribu kuutaka ule wa biashara. Sikuweza."

"Kwa nini huo wa wakimbizi?"

Akafuta pua kwa mkono kama mtoto. "Pale ofisini tuna bango nje, unalijua, 'Tunavusha Mizigo Mipakani'. Siku moja akaingia mwanamke ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama kwenye meza yangu. Kasoma bango. Akaniuliza, 'Na watu mnavusha?' Bosi akacheka, akadhani anatania. Hakuwa anatania. Hakuwa na karatasi hata moja, si ya kwao, si ya hapa. Siku ile nilikuwa nimepitisha kontena zima la vigae vya bafuni, asubuhi moja, mihuri yote. Yule mama sikuwa na muhuri wake. Nikamwambia samahani, sisi ni mizigo tu. Akaniambia asante. Aliniambia asante, Baba Meneja! Akatoka. Sijui alikwenda wapi. Mpaka leo nikishika muhuri namwona."

Shangazi alikuwa amevaa tena miwani na anatazama dirishani.

"Hilo nalo hukuniambia," fundi akasema.

"Hilo nalo."

"Ungekuwa huna mume wala mtoto, ungechagua upi?"

"Huo."

"Hata hukufikiria."

"Nimefikiria mwaka mzima."

"Na Meneja?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye kochi lake. Leso ilikuwa imeshuka. Hakuuliza kwa ubaya, ila mtu alipaswa kuuliza. Mama Meneja angemkumbuka mtoto vibaya mno. Angerudi mwisho wa mwezi amkute kaongezeka urefu, kajifunza maneno mapya kutoka kwa watu wengine. Akasema, sijui mama, hapo ndipo ninapokwama.

Mama mkwe akajikohoza. "Mimi nilikuja kumwona mjukuu. Sikusema narudi lini. Kama mtaniachia chumba kile cha nyuma, na yeye Meneja akinikubali kazini, naweza kukaa. Lakini kwa sharti."

"Sharti gani, mama?"

"Hili la mchepuko lisitoke humu ndani. Wewe shangazi, weka simu chini. Nimekuona."

Shangazi akaiweka simu chini, akasema alikuwa anaangalia saa tu. Wakapatana: mama mkwe atakaa, hakuna wa kutoboa siri mpaka wafe, na Mama Meneja atarudi kila mwisho wa mwezi bila kisingizio. Shangazi alitaka iandikwe na kutiwa saini, wakamkatalia. Mwanafunzi wa sheria za kimataifa akawa ameshuhudia mkataba wake wa kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa eneo linalogombaniwa.

"Haya," fundi akamwambia mkewe. "Chagua."

"Sasa hivi? Mwisho ni Jumatatu."

"Mpaka Jumatatu utakuwa umeniogopa tena."

Mama Meneja akatoa simu. Akaingiza nywila vibaya, akaingiza tena. Michepuo minne ikajipanga kwenye kioo. Akabonyeza wa nne. Simu ikamwuliza una uhakika. Akamtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye bila kutikisa kichwa wala nini, akamwachia. Akabonyeza ndiyo.

"Umeshachagua?" fundi akauliza.

"Nimeshachagua."

"Imekubali?"

"Imekubali."

"Haijirudi?"

"Haijirudi."

"Basi vizuri. Ni mchepuo mzuri, na nimefurahi umeuchukua." Fundi akasimama, akachukua bisibisi yake mezani. "Sasa naomba nafasi ninune. Hasira nilikuwa nimeisubirisha mpaka umalize, nisije nikakuharibia. Lakini umenificha mwaka mzima, Mama Meneja. Nimeumia sana."

Akatoka barazani, na mlango akaufunga taratibu kabisa, kama desturi yake, jambo lililomwuma mkewe kuliko kama angeubamiza. Mama Meneja akanyanyuka amfuate, maneno yameshamjaa mdomoni, samahani hizi na zile, maelezo, sababu. Shangazi akamdaka kiuno cha gauni.

"Kaa chini."

"Shangazi, nataka nimweleze tu..."

"Umweleze nini? Amekukosea wapi? Mwache anune, ana haki yake."

Akakaa. Chai ikanywewa, Meneja akarudi kutoka kwa jirani, akakagua sebule, akauliza nani amesogeza makochi, akajibiwa na bibi yake kwa adabu. Kule nje fundi alikuwa anagonga, ananyamaza, anagonga. Mama Meneja hakwenda. Ilimgharimu. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akapika, akampelekea sahani, akaiweka kwenye stuli na kurudi ndani bila kusema neno, yeye, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa.

Jua lilipokuwa linazama sauti ikatoka barazani.

"Mama Meneja! Njoo unishikie tochi."

Alikwenda mbio, hata kandambili hakuvaa. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya lile friji la bucha, mikono imezama ndani mpaka viwiko. Hakugeuka.

"Bado nimenuna," akasema.

"Najua," akajibu, akapiga magoti ubavuni kwake, akamulika pale alipomwonyesha.